Kamba, Mchanga na Mashiko

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, kutoka Kahama kwenda Geita, shimo la dhahabu huitwa duara. Duara halina ngazi za saruji wala taa ukutani. Linashuka wima, mita kumi, ishirini, mengine zaidi, na kuta zake zimezuiwa kwa magogo yanayoitwa matimba ili udongo usiporomoke. Mtu huingia kwa kamba. Na kabla hajaiachia kamba uzito wake wote, huivuta. Haulizi ilinunuliwa wapi wala ilifungwa na nani. Anaivuta mara mbili tatu, anasikiliza mikono yake, kisha anashuka, au anakataa kushuka.

Tendo hilo dogo limenisaidia kuliko kamusi zote nilizokuwa nimezifungua mezani. Nilikuwa natafuta neno la Kiswahili la jambo ambalo wanafalsafa wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 2,000: ni nini kinachoipa imani, dai au desturi haki ya kushikwa na mtu mwenye akili zake? Siulizi kama jambo lenyewe ni la kweli. Mtu anaweza kukisia kwamba chini ya mbuyu ule kuna dhahabu, akachimba, akaipata, na bado tukasema alibahatisha. Ukweli alikuwa nao. Alichokosa ni kitu cha kumuunganisha yeye na ukweli huo. Kitu hicho sisi tunakiitaje?

Jibu la haraka ni sababu. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na katika Kiarabu cha kale *sabab* ilikuwa kamba: ile ambayo mtu hupandia au hushukia ili ayafikie maji. Kabla halijawa neno la akili lilikuwa neno la kisimani. Kwa hiyo mtu akikuuliza "unasema hivyo kwa sababu gani?", anakuuliza umefika huko chini kwa kamba ipi, na kama yeye naye anaweza kuishuka.

Plato aliliona jambo lilelile bila kujua Kiarabu. Katika majadiliano yake yaitwayo *Meno*, Socrates anayalinganisha maoni ya kweli na sanamu za Daedalus, yule fundi wa hekaya za Kigiriki ambaye kazi zake zilisemekana kukimbia zisipofungwa. Maoni ya kweli yana faida maadamu yanakaa, ila hayakai. Yanamtoroka mtu mpaka yafungwe kwa kuijua sababu. Msukuma hahitaji sanamu za Ugiriki ili alielewe hilo. Ndama asiyefungwa ni wako jioni. Asubuhi yumo katika shamba la mahindi la jirani, na jirani tayari yuko njiani kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Vijiweni nako kamba haijasahauliwa, ingawa huko imegeuzwa. Kijana wa Katoro akikuambia "acha kamba", maana yake acha uongo. Sioni mgongano. Kamba iliyooza nayo ni kamba. Kwa macho hutaitofautisha mpaka uivute.

Hata hivyo sababu peke yake hainitoshi, kwa kuwa neno limepanuka mno. Tunasema sababu ya moto ni hitilafu ya umeme, sababu ya njaa ni ukame. Hapo sababu ni chanzo tu. Waliowaua vikongwe wa Usukuma kwa kuwadhania wachawi walikuwa na sababu, na polisi waliziandika. Chanzo cha mtu kuamini jambo ni kitu kimoja. Kinachomstahilisha kuliamini ni kingine. Nahitaji neno la hicho cha pili.

Waandishi wengi wa falsafa na sayansi ya jamii huandika uhalalishaji. Silipendi neno hilo, na ubishi wangu nalo si wa mezani tu. Halali ni neno la kibali. Nyama ni halali kwa kuwa imeruhusiwa, ndoa ni halali kwa kuwa imefungwa mbele ya mwenye mamlaka ya kuifunga. Tena katika mazungumzo ya kila siku kuhalalisha ni kazi inayofanywa baada ya tendo: mtu ameshaiba, sasa anahalalisha wizi wake. Mwendo wake ni wa kinyume. Uamuzi umetangulia, maneno yanaitwa yaje kuufunika. Ukimfundisha mwanafunzi kwamba imani njema ni imani iliyohalalishwa, umemwambia pasipo kukusudia kwamba atafute wa kumpa ruhusa.

Uthibitisho na ithibati yanatoka katika thabiti, kilichosimama imara kisichotikisika. Ni maneno mazuri, ila ni mazito mno kwa kazi hii. Ukishathibitisha umemaliza, mjadala umefungwa. Mambo mengi ambayo tuna haki ya kuyasadiki hayajafika huko na pengine hayatafika: kwamba mvua za vuli zitachelewa, kwamba mwamba huu unaelekea mashariki, kwamba jirani yangu ni mwaminifu. Zaidi ya hayo, ofisi zimeshalichukua neno ithibati. Vyuo hupewa ithibati, na waandishi wa habari wa Tanzania wana Bodi ya Ithibati. Limekuwa neno la cheti.

Nusura nichague ustahiki. Lina ukoo wa kuvutia: haki, hakika, uhakika, kuhakiki na kustahiki yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na inapendeza kufikiri kwamba haki ya mtu na uhakika wa jambo vimelelewa nyumba moja. Ila ustahiki kwa masikio yetu ni neno la vyeo. Tunamsikia mstahiki meya kabla ya kulisikia dai.

Neno nililolitafuta lilikuwa likisemwa kila siku mahakamani na bungeni: mashiko. "Hoja hii haina mashiko." "Rufaa imetupwa kwa kukosa mashiko." Limetoka katika kushika, kitenzi cha Kibantu ambacho hata mtoto wa miaka miwili anakijua. Linakubali kipimo: mashiko madogo, mashiko makubwa, mashiko yaliyolegea. Na lina siri ambayo uthibitisho haunayo, kwamba mashiko hayamo katika kamba peke yake wala katika mkono peke yake. Kamba nene mno kiganja hakiizunguki. Dai la mtaalamu wa miamba linaweza kuwa na mashiko kwake, aliyesoma ramani na kuchoronga, na mimi nikawa sina pa kulishika mpaka anionyeshe.

Nimesema ubishi huu si wa mezani. Takwimu za serikali za kuanzia 1970 hadi 1984 zilihesabu zaidi ya watu 3,600 waliouawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu waliuawa Usukuma. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilifanya jambo hili kazi kubwa ya utafiti wake. Mauaji hayakuishia 1984. Na alama ambayo kila mtu wa Shinyanga anaijua, iliyomtia bibi hatarini, ni macho mekundu.

Macho mekundu ni dalili. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na kwa asili *dalil* ni kiongozi wa njia, anayetangulia mbele ya msafara. Kiongozi wa njia anakuelekeza. Hakubebi, wala yeye si mwisho wa safari. Tatizo halikuwa watu kuiona dalili. Waliiona sawasawa, macho yalikuwa mekundu kweli. Tatizo ni kwamba walimfuata kiongozi mpaka njia panda wakaacha kuuliza. Njia nyingine iliishia jikoni. Bibi aliyepika miaka hamsini kwa samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na pa kutolea moshi, atakuwa na macho ya namna gani? Na kwa nini alipikia samadi? Kwa sababu miti ilikwisha. Sehemu kubwa ya misitu ya Shinyanga ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kuwaondoa mbung'o, kisha pamba ikapanuliwa, na ng'ombe wakaongezeka. Wekundu ule ulikuwa historia ya ardhi iliyoandikwa machoni mwa mwanamke, na mjukuu wake akaisoma vibaya.

Kutoka dalili mpaka tuhuma ni hatua moja. Tuhuma ni ndugu wa *wahm*, neno la Kiarabu la jambo linalodhaniwa tu, linaloelea akilini bila kutua. Lugha ya sheria ilifanya vyema ilipomwita mtu wa namna hiyo mtuhumiwa. Katika jina lenyewe kuna onyo kwamba hapa bado tuko angani.

Na ni nani huichukua tuhuma akaivisha nguo za hakika? Serikali na polisi wa kanda hii wana jina lake: mpiga ramli chonganishi. Kila mara ninapolisikia nasimama kwenye neno ramli. Kwa Kiarabu *raml* ni mchanga. Ramli ilianza kama kuchora mistari na nukta mchangani, kisha kuisoma. Usukuma wenyewe una njia yake ya zamani: mfumu, yaani mganga wa Kisukuma, humfungua kuku akasoma yaliyomo ndani, huku watu wakitazama. Sitaki kuyasema haya kwa dharau. Mtu aliyefiwa na watoto wawili katika msimu mmoja ana swali la haki kabisa, na katika mfumo ule wa zamani mfumu mwenyewe alijaribiwa. Mgeni hakumwambia shida yake. Alimwacha aitambue, na asiporidhika alikwenda kwa mwingine. Yaani hata pale watu walidai mashiko. Walivuta kamba.

Ila waliivuta upande mmoja. Mwenye kutajwa hakuwepo. Hakumwona kuku, hakuulizwa, hakupewa nafasi ya kusema "rudieni mbele yangu, na mbele ya mfumu ambaye hatujui wote wawili". Jibu lilizaliwa penye huzuni ya mtu mmoja likaenda kuishi kama hukumu kwenye nyumba ya mwingine. Kiswahili kimelipata neno kamili, chonganishi, kwa kuwa matokeo yake hayapimwi kwa kilichojulikana, yanapimwa kwa waliogombanishwa.

Machimboni ramli ina mlango wake. Dhahabu ya ukanda huu mara nyingi imekaa ndani ya mikanda ya mawe meupe ya kwazi, nayo haikusambaa sawa. Mita tatu hakuna kitu, mita ya nne duara linatema, kisha kimya tena. Watu wawili wanachimba hatua kumi mmoja na mwenzake, kwa juhudi ileile. Mmoja ananunua pikipiki, mwingine anadaiwa chakula cha mama ntilie. Akili ya mtu haistahimili tofauti kubwa isiyo na maelezo, kwa hiyo inatafuta mkono. Mganga anauza mkono huo, na anauuza pamoja na masharti: usioge siku saba, usisalimie mtu njiani, usitazame nyuma. Sharti ni neno la mikataba, na hapa ndipo ujanja wake ulipo. Dhahabu ikitoka, dawa imefanya kazi. Isipotoka, umekosea masharti. Waliopata wanasimulia mpaka Mwanza. Waliokosa wanarudi makwao kimya, na hakuna anayewahesabu. Dai lililozungushiwa masharti kiasi kwamba hakuna tukio lolote linaloweza kulipinga haliwezi kuvutwa. Ni kamba iliyolala chini haijafungwa popote. Ukiivuta inakuja yote, nawe unadhani imekutii.

Lingebaki kuwa hasara ya fedha tu kama lisingewafika watu. Kuanzia 2007 Kanda ya Ziwa iliingia katika wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino, kwa uvumi kwamba viungo vyao huleta utajiri wa dhahabu na samaki. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni alipolizungumzia jambo hilo, na mwezi huohuo leseni za waganga wa jadi zikafutwa. Septemba ya mwaka ule Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake. Nayataja haya nikiwa naandika juu ya istilahi kwa kuwa waliofanya hayo waliamini wamepewa kibali na mtu wa kutoa vibali. Kwao jambo lilikwisha kuhalalishwa.

Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na inamwadhibu pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Ila mahakama yenyewe imenifundisha zaidi kwa namna yake ya kuuliza kuliko kwa adhabu zake. Shahidi ni aliyekuwepo akaona, hivyo ndivyo neno lilivyo tangu Kiarabu, na Sheria ya Ushahidi ya 1967 inadai hivyohivyo: la kuonwa lisemwe na aliyeliona, la kusikiwa lisemwe na aliyelisikia. "Uliona au uliambiwa?" Katika maneno yote ya falsafa niliyowahi kusoma sijaona swali lililo fupi na lenye kazi kubwa kama hilo.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama za Tanzania kwa sheria. Mwaka huohuo Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zepherine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani baada ya jaji huyo kuandika hukumu kwa Kiswahili, katika kesi iliyouhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kwa hiyo istilahi hizi si za wasomi tena. Zitamfunga mtu au zitamwachia. Ndiyo maana naumizwa na neno moja dogo linalorudiwa katika habari za mahakamani: upande wa mashtaka umethibitisha kesi "pasipo kuacha shaka yoyote". Sheria haidai hivyo, na haiwezi kudai. Shaka yoyote ni pamoja na shaka kwamba shahidi aliota, kwamba marehemu alikuwa na pacha asiyejulikana. Kinachotakiwa ni kusibaki shaka yenye maana, shaka ambayo nayo ina mashiko. Hapa pana jambo linalopaswa kuwekwa wazi kwa kila mwanafunzi: shaka nayo inadaiwa sababu. Mwenye kushuku kila kitu hajavuta kamba hata moja. Amekaa ukingoni tu akisema zote mbovu.

Narudi kwenye mchanga, kwa kuwa ukanda huu umeniwekea mchanga wa namna mbili.

Mwenye duara akidai kwamba mwamba wake una dhahabu, watu hawabishani sana. Linachukuliwa jiwe, linatwangwa likawa unga, unga unaoshwa taratibu kwa maji kwenye karai, na chepesi kinaondoka na maji. Kikibaki kijimstari cha manjano ukingoni, kila aliyechuchumaa pale anakiona. Kikikosekana, kimekosekana kwa wote. Hiyo ndiyo sampuli. Naye huyuhuyu mwenye duara huenda jana alipigiwa ramli. Si watu wawili, ni mtu mmoja aliyeuuliza mchanga kwa njia mbili. Ila mchanga wa karai unaweza kusema hapana, na hausikii aliyeuliza ni nani. Mgeni anaweza kuchukua jiwe jingine kutoka ukuta uleule akaenda kulitwanga kwake.

Sampuli nayo ina magonjwa yake. Anayechagua jiwe ndiye anayechagua jibu. Ukichota pale tu panapong'aa umeusema uongo kwa mawe ya kweli. Mwaka 1997 dunia ya uchimbaji ilitikisika ilipobainika kwamba kampuni ya Bre-X ya Canada haikuwa na dhahabu ya maana huko Busang, Indonesia: sampuli zilikuwa zimechanganywa na dhahabu iliyoletwa kutoka nje, na watu waliokuwa wamenunua hisa za mabilioni ya dola walibaki na karatasi. Walishuka kwa kamba ambayo hakuna wa kando aliyepewa nafasi ya kuivuta mapema.

Hapa kwetu neno moja lilizaliwa upya mwaka 2017, nalo ni makinikia. Kabla ya hapo wengi wetu tuliuita mchanga wa dhahabu: mchanganyiko uliokolezwa, wenye shaba, dhahabu na madini mengine, uliokuwa ukisafirishwa kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi kwenda kuyeyushwa nje. Katika makinikia mimi naisikia makini, ile hali ya kutulia na kukusanya akili mahali pamoja, na naliona ni neno lililopatikana vizuri. Machi mwaka ule usafirishaji ulizuiwa, makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Mei, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa jibu lake: wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani. Acacia, kampuni iliyokuwa ikiendesha migodi hiyo, ilishikilia kwamba ni kama gramu 200. Mchanga mmoja, namba mbili, moja ikiwa mara saba ya nyingine.

Nchi ikagawanyika mara moja, na mgawanyiko wenyewe ndio ulionitisha. Watu waliamua kwa kumtazama msemaji: huyu mzalendo, yule mwizi, huyu mwanasiasa, yule mtaalamu. Wachache sana niliowasikia waliuliza yale ambayo mtu wa karai angeuliza kwanza. Sampuli zilichotwa kwenye makontena mangapi, juu au mpaka chini? Nani alikuwa akitazama? Zilipimwa katika maabara ngapi, na pande zote mbili ziliiamini ipi? Mambo yaliishia mezani kwa mazungumzo, serikali ikapata hisa 16 kwa mia katika migodi na ahadi ya dola milioni 300, na kampuni ya Twiga ikaundwa. Inawezekana kabisa kwamba nchi ilipata haki yake. Lakini haki na hakika, hata kama ni ndugu, hazikufika siku moja, na sisi wasomaji tuliachwa na namba mbili mikononi bila pa kuzishika. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019 nililifurahia hasa kwa jambo hili: mzigo unapimwa mahali pamoja, mbele ya muuzaji, mnunuzi na afisa wa madini.

Isije ikaonekana kwamba mashiko yanakaa maabara tu na desturi hazina. Usukuma una desturi ya ngitili: kipande cha malisho kinafungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti iachwe ikue, kisha kinafunguliwa kiangazi kikiwa kimekaza, ndama na ng'ombe wagonjwa wakitangulia. Wataalamu wa zamani hawakuiona. Walikuwa na hoja zao nzito za kufyeka, na baadaye Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwatoa watu kwenye maeneo yao na ngitili nyingi zikafa. Ukimuuliza mzee kwa nini anafunga malisho, huenda jibu la kwanza likawa "ndivyo tulivyokuta". Msomi mwenye haraka ataandika hapo: desturi isiyo na sababu. Akikaa mpaka chai ya pili atasikia mengine: mwaka gani ng'ombe walikufa upande ule na kubaki upande huu, mti gani ukirudi nyasi hurudi nao, nani aliingiza mifugo kabla ya wakati na baraza lilimtoza nini. Sababu zilikuwepo. Hazikuwa zimeandikwa kwa mpangilio ambao mgeni angeutambua.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, na 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miti iliyorudi ni kuni, na kuni ni jiko lisilohitaji samadi. Naliwaza hilo kila ninapofikiri juu ya macho ya mabibi. Huenda mtu aliyefunga kipande chake cha malisho kule Meatu au Kishapu alifanya kwa ajili ya bibi yake kazi ambayo hotuba za kukemea imani potofu hazikuiweza.

Sijamaliza na kamba. Kuna upande wake mmoja ambao neno mashiko haliusemi vya kutosha, nao unanisumbua bado. Tumezungumza kana kwamba kila mtu anaivuta kamba yake mwenyewe. Siyo hivyo. Sijawahi kupima damu yangu kwa malaria, nilisadiki karatasi ya maabara. Sijaiona Bre-X. Siku yangu ya kuzaliwa niliambiwa. Karibu kila ninachokijua nimeshushwa nacho na mikono ya wengine, na Kiswahili kinalijua hilo kuliko ninavyolijua mimi: imani, amani na amana ni mzizi mmoja. Kumwamini mtu ni kumwachia kitu akutunzie. Yule bibi wa macho mekundu naye alikuwa ameweka amana yake kwa majirani aliowapikia na kuwakandia watoto wao homa.

Kule kwenye duara, mtu akishafika chini hawezi tena kuiona kamba ilipofungwa. Juu kuna mwenzake, amekaa kando ya gogo la kuizungushia, mguu mmoja ameukita kwenye jiwe. Hawaonani. Wa chini akitaka kitu huitikisa kamba, na wa juu, akiwa macho, huitikisa pia.